Jua Lipo Manyatta, Presha ya Mimba Ipo Pia

Ikweta inapita Maseno, kilomita kama 25 kutoka Kondele. Manyatta, mtaa wa Kisumu, iko kusini kidogo ya mstari huo, zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na jua lake halina likizo. Juni na Desemba hutofautiana kwa mvua na vumbi. Urefu wa mchana ni uleule. Mtu akikwambia kwamba wajawazito wa mtaa huu huenda wamepungukiwa na vitamini ambayo ngozi huitengeneza yenyewe ikipigwa na jua, utacheka. Akiongeza kwamba upungufu huo, ukiwepo katika wiki za mwanzo za mimba, unatajwa miongoni mwa mambo yanayochangia presha inayowaua akina mama wodini, utaacha kucheka na kutaka kujua nani amesema hivyo, alimpima nani, na wapi.

Ugonjwa wenyewe unaitwa prieklampsia. Ni presha inayozuka baada ya wiki ya 20 ya mimba kwa mwanamke ambaye hakuwa nayo: mashine inasoma 140 kwa 90 au zaidi, na pamoja na hiyo protini inaonekana kwenye mkojo, au figo, ini au ubongo huanza kulalamika. Ikifikia degedege ni eklampsia, kifafa cha mimba. Huwapata wanawake kati ya wawili na wanane katika kila wajawazito mia duniani. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kwamba Afrika na Asia karibu moja ya kumi ya vifo vya uzazi hutokana na presha za mimba. Kenya, kwa hesabu ya sensa ya 2019, hupoteza akina mama 355 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, na presha inafuata nyuma ya kuvuja damu katika orodha ya visababishi.

Mtaani inaitwa presha, basi. Miguu ikivimba, watu husema ndiyo mimba, na mara nyingi wanasema kweli. Kichwa kikiuma, mama anameza Panadol na kurudi kwenye kibanda chake cha nyanya. Hatari iko hapo hasa: presha hii inaweza kupanda mpaka pabaya bila mwenyewe kuhisi lolote, na dalili zinapojitokeza wazi (kichwa kisichotulia, macho kuona ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia) saa zilizobaki huwa chache. Degedege likishaanza, wapo majirani wanaotaja uchawi kabla ya kutaja hospitali.

Na hospitali haiko mbali. Mgonjwa wa Manyatta hupakiwa kwenye bodaboda na dakika chache baadaye yuko mlangoni pa hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo Kisumu nzima bado inaiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ilifunguliwa Oktoba 1969, siku ambayo watu walipigwa risasi, na mji unaikumbuka kwa risasi hizo kuliko kwa vitanda. Kituo cha afya cha Lumumba kipo, cha Migosi kipo, na zahanati za watu binafsi zimejaa njia nzima. Sehemu nyingi za Kenya mjamzito hufa kwa sababu ya barabara. Hapa barabara si kisingizio. Kinachomchelewesha mwanamke wa Manyatta ni miezi, na habari ya vitamini D, ukiifuata mpaka mwisho, inakuja kusimama kwenye miezi hiyohiyo.

Ugonjwa unaoonekana mwezi wa saba huanza kutengenezwa mwezi wa pili. Kondo la nyuma linapojipandikiza, chembe zake huingia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuibadilisha mishipa ya damu iliyojisokota humo, iwe mipana na legevu, damu ipite kwa wingi bila nguvu. Kazi hiyo huwa imekamilika kwa sehemu kubwa kufikia wiki ya 20. Isipofanyika sawasawa, mishipa hubaki myembamba, kama bomba la nusu inchi lililowekwa kuhudumia ploti nzima: wapangaji wakiwa wawili hakuna anayelalamika, wakifika kumi ndipo utasikia kelele. Mtoto anapokua na kudai damu zaidi, kondo lenye njaa humwaga kwenye damu ya mama protini zinazoharibu utando wa ndani wa mishipa yake. Mwaka 2003 watafiti wa Boston walionyesha mojawapo, iitwayo sFlt-1, na tangu hapo picha imekuwa wazi zaidi. Presha, mkojo wenye protini na uvimbe ni matokeo ya mwisho. Chanzo kilipita wakati mama mwenyewe pengine hajamwambia mtu kuwa ana mimba.

Vitamini D inaingilia hapo. Tumezoea kuisikia ikitajwa kwa mifupa, matege ya watoto na kadhalika, lakini ukiangalia inavyofanya kazi inafanana zaidi na homoni. Ngozi huianzisha, ini huibadilisha, figo huikamilisha. Kondo la nyuma nalo lina uwezo wa kuikamilisha, na lina vipokezi vya kuitumia, tangu mapema. Inahusika katika kutuliza kinga ya mama isimshambulie mgeni aliyeingia, na katika ukuaji wa mishipa ya damu. Kwa hiyo wazo kwamba upungufu wake ungeweza kuvuruga upandikizaji wa kondo lina mantiki. Mantiki pekee haitoshi, lakini ndiyo iliyofanya watu waanze kupima.

Kipimo kilichosikika zaidi kilitoka Pittsburgh, Marekani, mwaka 2007. Lisa Bodnar na wenzake walichukua damu iliyohifadhiwa ya wanawake 55 waliopata prieklampsia na 219 ambao hawakupata, damu iliyotolewa kabla ya wiki ya 22. Waliougua walikuwa na vitamini D pungufu kuliko wengine, na waliokuwa chini ya nanomoli 37.5 kwa lita walikuwa na hatari iliyozidi mara kadhaa. Mwaka 2014 Bodnar alirudi na hazina kubwa zaidi: damu iliyokusanywa katika vituo 12 vya Marekani kati ya 1959 na 1966 na kuwekwa kwenye barafu kwa miaka karibu hamsini. Safari hii visa vilikuwa 717, na jibu likawa na masharti. Wenye vitamini ya kutosha walikuwa na hatari pungufu kwa kama asilimia 40, lakini kwa prieklampsia kali tu. Ile nyepesi haikuonyesha tofauti. Norway nako, mwaka 2009, wanawake zaidi ya 23,000 wa mimba ya kwanza waliulizwa wanakula nini na wanameza vidonge gani. Waliomeza vitamini D kwa kiasi cha kawaida walikuwa na hatari pungufu kwa takriban robo.

Msomaji mwenye shaka atauliza: mwanamke anayemeza vidonge vya vitamini Norway ni nani? Ni yule anayejijali, anayewahi kliniki, mwembamba, asiyevuta sigara. Unene peke yake huongeza hatari ya prieklampsia na pia hushusha vitamini D katika damu, kwa sababu vitamini hiyo hujificha kwenye mafuta ya mwili. Anayekaa ndani kwa ugonjwa hukosa jua. Kipimo kikiwa chini kinaweza kuwa shahidi wa maisha fulani, na tusimfanye shahidi kuwa mshtakiwa. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha utafiti uliojaribu kuutenga mtego huu kwa kutumia jeni: watu wengine huzaliwa na maumbile yanayowapa vitamini D kidogo maisha yao yote, wawe wanene au wembamba, matajiri au maskini. Kama upungufu ndio unaosababisha presha ya mimba, wanawake wa maumbile hayo wangeugua zaidi. Ushahidi wa nguvu haukupatikana.

Njia nyingine ni kugawa vidonge kwa bahati nasibu. Jaribio maarufu la aina hiyo, VDAART, lilifanyika Boston, St. Louis na San Diego, na lilianzishwa kwa ajili ya pumu ya watoto. Prieklampsia ilichunguzwa humohumo na matokeo yakatoka 2016. Nusu ya wanawake walipewa uniti 4,400 kwa siku, nusu 400, kuanzia kati ya wiki ya 10 na ya 18. Prieklampsia iliwapata asilimia 8.1 upande mmoja na 8.3 upande wa pili. Hakuna tofauti. Walipoangalia damu badala ya vidonge, wakaona kitu kingine: wanawake waliokuwa na kiwango kizuri tangu mwanzo na wakabaki nacho mpaka mwisho waliugua asilimia 2 hivi, na wasiokuwa nacho nyakati zote mbili karibu asilimia 12. Wanaoiamini vitamini D wanasema hili linathibitisha kwamba kidonge kilichelewa, kondo lilikwisha kujipandikiza. Wasioiamini wanasema ni yale yale ya Norway, waliokuwa na afya njema tangu mwanzo walibaki na afya njema. Mimi nawasikiliza wote na naona jaribio hili haliwezi kuwaamulia. La kuwaamulia lingeanza kabla ya mimba, na kumwandikisha mwanamke ambaye hajabeba mimba kwa ugonjwa utakaompata pengine miaka miwili baadaye ni kazi ghali.

Halafu kuna kisa cha mapitio ya Cochrane, ambacho naona kinafaa kusimuliwa kwa yeyote anayesoma neno "utafiti" kwenye pakiti ya dawa. Cochrane ni mtandao unaokusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima kwa pamoja. Mwaka 2019 ulisema kwamba vitamini D peke yake huenda ikapunguza hatari ya prieklampsia kwa karibu nusu. Sentensi hiyo ilizunguka dunia. Mwaka 2024 walirudia kazi, safari hii wakiuliza kwanza kama kila jaribio linaaminika: lilisajiliwa kabla ya kuanza? takwimu zake zinawezekana? Majaribio mengi yakaondolewa. Kwa prieklampsia likabaki moja, la wanawake 165, na hitimisho likawa kwamba ushahidi hauna uhakika kabisa. Vitamini haikubadilika katika miaka hiyo mitano. Kilichobadilika ni ukali wa mhakiki. WHO, kwa upande wake, mwaka 2020 ilishikilia kwamba wajawazito wote wasipewe vitamini D kama desturi. Anayeshukiwa kupungukiwa anaweza kupewa uniti 200 kwa siku, ambazo ni kidogo sana ukilinganisha na zile 4,400 za Wamarekani.

Hayo yote ni ya nchi zenye majira ya baridi. Huku kwetu ni swali jingine.

Mwaka 2020 Reagan Mogire, Mkenya aliyekuwa akifanya kazi katika programu ya utafiti ya KEMRI na Wellcome kule Kilifi, alikusanya na wenzake tafiti 129 kutoka nchi 23 za Afrika, watu zaidi ya 21,000. Kama theluthi moja walikuwa chini ya nanomoli 50, kiwango ambacho wengi hukihesabu kuwa mpaka wa upungufu, na asilimia 18.5 walikuwa chini ya 30, ambao ni upungufu usio na ubishi. Bara la jua! Lakini ukiichambua hesabu hiyo, Afrika ya Kaskazini na Afrika Kusini ndizo zilizovuta wastani chini, na tofauti tatu nyingine zinaihusu Manyatta moja kwa moja: watu wa mjini walikuwa na kidogo kuliko wa mashambani, wanawake kuliko wanaume, na watoto wachanga kuliko mama zao. Mwaka uliofuata, kikundi hichohicho kilipima watoto wadogo wa nchi tano, Kenya na Uganda zikiwemo, na kukuta upungufu mkali kwa chini ya mmoja katika mia. Watoto wadogo hucheza nje. Mama zao, inategemea.

Upande wa Tanzania kuna picha ya kuvutia zaidi. Watafiti wa Uholanzi walipima Wamasai na Wahadzabe mwaka 2012 na kupata wastani wa nanomoli 115, kiwango ambacho Mholanzi wa kawaida hakifikii bila kidonge. Walipoongeza watu wa Sengerema na Ukerewe, wala samaki wa ziwa hilihili tunalolitazama kutoka ufuo wa Dunga, bado wastani ulivuka 100, na wajawazito walikuwa juu zaidi ya hapo. Linganisha na wanawake wajawazito wa Kisomali waliopimwa Sweden, utafiti uliochapishwa 2011: vipimo vyao vilikuwa vya kutisha. Ngozi nyeusi inahitaji jua refu zaidi ya nyeupe, na kaskazini jua hilo halipo. Kumbe mwanamke wa Afrika Mashariki aliyehamia Malmö au Minneapolis yuko karibu zaidi na wanawake wa Pittsburgh kuliko alivyo dada yake aliyebaki nyumbani, na kwake ushauri wa kumeza vitamini D una uzito ambao hauna kwa dada yake.

Manyatta basi iangukie upande gani, wa Ukerewe au wa mjini? Muuza mboga wa Kondele anakaa nje kutwa, lakini chini ya mwavuli. Mfanyakazi wa duka la M-Pesa anakaa ndani ya kibanda cha chuma. Fundi cherehani anakaa barazani. Katika sehemu ya mtaa iitwayo Manyatta Arabs wapo wanaovaa buibui, na waumini wa kanisa la Legio Maria hujifunika kanzu na vitambaa. Kwa wengi, hata hivyo, kuna kuteka maji, kuanika nguo, kutembea hadi sokoni, mikono na shingo vikiwa wazi, siku zote za mwaka. Utafiti mdogo wa mwaka 2016 uliangalia vitamini D ya wajawazito wa vijijini magharibi ya Kenya na afya ya watoto wao, nao ulikuta upungufu kwa baadhi. Ni mdogo mno kusema lolote kuhusu presha. Kuna jambo jingine ambalo mji wenye maambukizi mengi ya VVU haupaswi kulisahau: efavirenz, dawa iliyomezwa na wengi kwa miaka mingi kabla dolutegravir haijachukua nafasi yake, ilijulikana kushusha vitamini D. Mimi ningeweka dau kwamba mjamzito wa kawaida wa Manyatta hana upungufu mkali, na kwamba wachache walio nao ni wale wa ndani, waliojifunika, au wagonjwa. Kwa dau hilo, kuwauzia wote vidonge ni biashara kuliko tiba.

Na biashara ipo. Kipimo cha damu cha vitamini D katika maabara za watu binafsi kinagharimu maelfu ya shilingi, pesa ambazo ni kodi ya chumba cha mabati kwa mwezi. Vidonge vyenyewe vinapatikana famasi bila kuulizwa swali. Kwa kiasi kidogo havina madhara, lakini dozi kubwa za muda mrefu hupandisha kalsiamu kwenye damu na kuumiza figo, viungo vilevile ambavyo presha ya mimba huvilenga.

Nimeitaja kalsiamu, na hapa ndipo nadhani macho yetu yangepaswa kuwa tangu mwanzo. Ushahidi kwamba kalsiamu hupunguza prieklampsia kwa wanawake wanaoila kidogo ni wa miaka mingi, kiasi kwamba WHO inapendekeza gramu 1.5 hadi 2 kwa siku katika jamii za namna hiyo. Kilichokwamisha ni ukubwa wa dozi: vidonge vitatu au vinne, vikubwa kama vya ng'ombe, kila siku, kwa miezi. Serikali nyingi ziliona bei, akina mama wakaona vidonge, na pendekezo likabaki kwenye karatasi. Januari 2024 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha jibu lililotoka kwa sehemu Dar es Salaam. Wanawake 11,000 wa mimba ya kwanza kule, na 11,000 wengine Bengaluru, India, waliandikishwa kabla ya wiki ya 20. Nusu walipewa miligramu 1,500, nusu 500. Dar es Salaam prieklampsia iliwapata asilimia 2.7 ya waliopewa nyingi na 3.0 ya waliopewa kidogo, tofauti isiyotosha kuitetea dozi kubwa. Kidonge kimoja kinaweza kufanya kazi ya vitatu. Kwa wizara yoyote inayohesabu shilingi, hiyo ni habari kubwa kuliko kila kilichoandikwa kuhusu vitamini D.

Vitamini D na kalsiamu ni ndugu. Ya kwanza humsaidia mtu kuinyonya ya pili kutoka kwenye chakula. Ukiwa na jua la kutosha na sahani isiyo na kalsiamu, bado umepungukiwa. Na sahani ya Manyatta? Kuon, yaani ugali, na sukuma, maziwa yakiwa ya chai tu. Lakini pia omena, samaki mdogo anayeliwa mzima na mifupa yake, kwa hiyo ni kalsiamu iliyoanikwa juani. Na mgongo wazi, mifupa na vichwa vya mbuta (sangara) vinavyobaki viwandani baada ya minofu kusafirishwa Ulaya, vikakaangwa na kuuzwa, hasa mtaa wa Obunga. Ulaya inakula mnofu, Kisumu inabaki na mfupa, na kwa swali letu mfupa huo si haba, ukichemshwa hadi ukalainika. Tatizo ni kwamba omena nyingi siku hizi inaishia kwenye viwanda vya chakula cha kuku, na bei yake sokoni inapanda kwa kugombaniwa na kuku hao. Unga wa mahindi wa pakiti, ambao sheria ya Kenya tangu 2012 inalazimisha uongezwe virutubisho, una chuma, zinki na vitamini A na za kundi B. Kalsiamu na vitamini D hazimo. Na wengi mtaani hununua wa kusagisha, ambao hauna hata virutubisho hivyo.

Jambo la tatu ni aspirini. Kati ya nchi sita zilizoshiriki jaribio kubwa lililochapishwa na Lancet mwaka 2020, Kenya ilikuwa mojawapo, na wanawake wake walitoka magharibi, jirani zetu. Karibu wanawake 12,000 wa mimba ya kwanza walipewa miligramu 81 za aspirini au kidonge kisicho na dawa, wakianza kati ya wiki ya 6 na ya 13. Waliozaa kabla ya wakati walipungua kutoka asilimia 13.1 hadi 11.6. Visa vya presha kwa jumla havikupungua, lakini kuzaa mapema mno, kabla ya wiki 34, pamoja na presha kulipungua, na hiyo ndiyo aina inayoua watoto. Ulaya, mwaka 2017, dozi ya 150 kwa wanawake waliochaguliwa kuwa katika hatari ilipunguza prieklampsia ya mapema kwa zaidi ya nusu. WHO inapendekeza aspirini ya dozi ndogo kwa walio hatarini: aliyewahi kuipata, mwenye presha ya kudumu, kisukari, ugonjwa wa figo, mapacha. Isimezwe ovyo, sista wa kliniki ndiye wa kuamua. Ni dawa ya shilingi chache.

Lakini tazama tarehe. Wiki ya 6 hadi ya 13. Kabla ya wiki ya 20. Vitamini D, tukiwaamini wanaoitetea, kabla ya hapo pia. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2014 ulionyesha kwamba ni mwanamke mmoja tu kati ya watano nchini aliyeanza kliniki katika miezi mitatu ya mwanzo. Mwanamke anayefika Lumumba mwezi wa tano akiomba kitabu cha mama na mtoto anapimwa presha, mkojo, damu, anapewa vidonge vya chuma na foliki, anapewa dawa ya malaria, na yote hayo ni mazuri. Ila mishipa yake ya mji wa mimba imeshapanuka au imeshashindwa. Vitamini yoyote utakayompa siku hiyo itamkuta mtoto, haitalikuta kondo likijengwa.

Sababu za kuchelewa zinaeleweka na si ujinga. Mimba changa haitangazwi. Inaweza kutoka, na kuna macho ya watu. Msichana wa miaka 17 anaificha kwa mama yake. Muuza duka akifunga siku nzima anapoteza mauzo ya siku, na kliniki ya kwanza ni ya siku nzima. Malipo nayo yamebadilika mara kadhaa: huduma ya kujifungua bila malipo tangu 2013, kisha mpango wa Linda Mama, kisha bima ya SHA tangu Oktoba 2024, na kila badiliko linaacha wanawake wasiojua watadaiwa nini mlangoni. Anayesubiri kuwa na uhakika husubiri mpaka tumbo lionekane.

Hata hivyo jaribio la aspirini lilithibitisha kitu ambacho hakikuwa lengo lake: wanawake wa magharibi ya Kenya wanaweza kupatikana kabla ya wiki ya 14, kwa wingi, kama kuna mtu anayewafuata nyumbani. Mtu huyo sasa yupo, na analipwa posho. Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii zaidi ya 100,000, kila mmoja na begi lenye, pamoja na vitu vingine, mashine ya kupima presha. Mhudumu wa Manyatta anajua ni nani ameacha kununua pedi, ni nani anatapika asubuhi, kabla hata baba wa mtoto hajajua. Akimpima presha mwezi wa pili na kuiandika, kliniki itakuwa na namba ya kulinganisha mwezi wa saba. Bila hiyo, 138 kwa 88 haimwambii sista kitu.

Kwa vitamini D yenyewe, njia ya busara ipo tayari na haihitaji kampeni. Kidonge cha virutubisho 15 cha wajawazito, kilichoingizwa na WHO kwenye orodha ya dawa muhimu mwaka 2021 na ambacho nchi kadhaa zimeanza kukitumia badala ya chuma na foliki peke yake, kina uniti 200 za vitamini D ndani yake. Atakayepungukiwa atasaidika, asiyepungukiwa hatadhurika, na hakuna atakayelipia kipimo. Kalsiamu haimo humo, kwa sababu ingekifanya kikubwa mno na kuzuia chuma kunyonywa. Itabidi itolewe peke yake na imezwe saa tofauti, kwa mfano chuma usiku na kalsiamu mchana na chakula.

Swali la kisayansi litaendelea, na mahali pa kulijibu pameandaliwa kwenye pwani yetu wenyewe. Mtandao wa PRECISE umekuwa ukiwafuatilia wajawazito Rabai na Mariakani, pamoja na Gambia na Msumbiji, na kuhifadhi damu na vipande vya kondo ili kuyaelewa magonjwa ya namna hii kwa miili ya Kiafrika. Damu ya mapema ikipimwa vitamini D na kulinganishwa na nani aliugua, tutapata kile ambacho Bodnar alipata Pittsburgh, ila kwa wanawake wa ikweta. Ningependa Kisumu iwemo, kwa sababu pwani hakuna malaria kama ya ziwani, na malaria ikivamia kondo la nyuma huleta uvimbe ambao baadhi ya tafiti za Afrika zimeuhusisha na prieklampsia. Chandarua na zile dozi za Fansidar, dawa ya malaria ya kliniki, huenda zinafanya kazi ya ziada ambayo hakuna aliyeihesabu, na katika mtaa ambao mbu hawana msimu kama jua lisivyo na msimu, hilo ningelitafutia fedha za utafiti kabla ya vitamini.